Picha za Ngono: Sheria Imlinde Nani Kwanza?

Zamani kijana wa Ngamiani, hapa mjini Tanga, aliyetaka kutazama picha za ngono alilazimika kutoka nyumbani, kulipa kiingilio katika kibanda cha video chenye pazia zito mlangoni, na kuombea asikutane na mjomba wake akinywa kahawa barazani. Aibu ndiyo iliyokuwa sheria ya kwanza, na ilifanya kazi kubwa kuliko polisi. Zikaja memori kadi na vibanda vya kurushia nyimbo, ambako mteja aliyelipia taarabu aliweza kuongezewa na "pilau", yaani video za ngono, kwa kunong'ona tu. Leo hakuna wa kumnong'oneza: simu iko chini ya shuka.

Wapo wanaodai kwamba haya si mageni, kwa kuwa watu wa pwani hatukuwahi kuyaonea haya mambo ya chumbani, na kungwi alimfundisha mwari kwa nyimbo na ngoma bila kificho. Hoja hii naiona pungufu. Kungwi alimfundisha mtu anayemjua, aliyefikia umri, ndani ya nyumba, na alibaki kuwa somo wake hata baada ya ndoa, wakati video ya simuni haimjui anayeitazama, haimuulizi umri wala haibaki kumjibu maswali.

Kwa hiyo Serikali inapoingilia kati, mzazi wa Tanga ana sababu ya kuiunga mkono. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamwadhibu anayechapisha ponografia kupitia mfumo wa kompyuta kwa faini isiyopungua shilingi milioni 20, au kifungo kisichopungua miaka saba, au vyote viwili. Na picha za ngono zinazohusu watoto zina kifungu chake, ambacho sidhani kuna mtu mwenye akili timamu atakayekipinga.

Ugumu unaanza pale maadili yanapokuwa sababu ya kufunga mtandao mzima. Mei 2025 mtandao wa kijamii wa X (zamani Twitter) ulizuiwa nchini, mara baada ya akaunti ya Jeshi la Polisi kudukuliwa, na Jerry Silaa, aliyekuwa Waziri wa Habari wakati huo, akaeleza kuwa mtandao huo unaruhusu maudhui ya ngono. Ni kweli kwamba X iliyaruhusu rasmi mwaka 2024. Lakini wananchi walijiuliza kwa nini mwaka mzima ulipita kwanza, na shaka hiyo ina gharama, kwani mtu akishaamini kwamba neno "maadili" limebeba jambo jingine, hataliamini hata siku litakapotumika kwa haki. Aidha, wengi waliendelea kuingia kwa VPN, yaani programu ya kukwepa vizuizi vya mtandao, na VPN inayofungua X inafungua pia tovuti zote za ngono zilizozuiwa.

Wakati huohuo kinachoumiza zaidi mitaani hakitoki Marekani. Ni "konekisheni", yaani video ya faragha ya mtu tunayemjua, inayorushwa kwenye makundi ya WhatsApp. Binti mmoja wa Makorora aliyekuwa akiuza mihogo na samaki wa kukaanga jioni aliikuta video yake imefika kwa wateja kabla yeye hajaweka karai jikoni. Aliyemrekodi alikuwa mchumba wake. Kwa siku kadhaa meza yake ilibaki imegeuzwa ukutani, huku wanaume walewale waliokula mihogo yake wakisambaziana video hiyo na kuuliza anakaa wapi.

Kifungu cha ponografia hakiulizi iwapo aliyeonekana katika picha aliridhia isambazwe. Kinaangalia uchafu wa picha, si jeraha la mwenye mwili. Ndiyo maana aliyevujishiwa huogopa kuripoti, akihofia kuwa naye atahojiwa kama mkosaji. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeleta mtazamo mwingine, wa kumwona mtu kuwa mwenye taarifa zake, na kwa maoni yangu hapo ndipo nguvu ielekezwe: kuvujisha picha bila ridhaa kuwe kosa lenye jina lake, na mlalamikaji apate hakika ya kutoshtakiwa kwa picha iliyoibwa kwake.

Familia ya binti yule ilijadiliana siku mbili kama iende kituoni. Mama alitaka kwenda. Baba aliuliza swali moja tu, iwapo polisi wataitazama ile video mbele yake, na hakuna aliyeweza kumjibu. Hawakwenda.