Joto tumelizoea, lakini wazee wetu je?

"Sisi watu wa Pwani joto tumezaliwa nalo." Hilo ndilo jibu ninalopewa kila ninapotaja haja ya kuwalinda wazee wakati wa kaskazi. Haliniudhi, maana lina ukweli. Agosti 2003 Paris ilipokesha kwenye nyuzijoto 25, wazee walikufa. Usiku kama huo Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari hauandikwi gazetini. Mwili huzoea, nyumba huzoea, hata siku yenyewe hupangwa kwa kulikwepa jua. Wafaransa hawakuwa na mazoea hayo, na joto lile liliondoka na watu wapatao 15,000, wengi wao wenye miaka 75 na zaidi.

Lakini mazoea yana mpaka, na uzee huusogeza mpaka huo karibu. Mzee hutoka jasho kidogo kuliko kijana, na kiu humjia kwa kuchelewa, maji mwilini yakiwa yameshapungua. Moyo wake hulazimika kusukuma damu nyingi kwenda kwenye ngozi ili joto litoke, na huenda ni moyo huohuo unaotibiwa presha. Baadhi ya vidonge vya presha humkojoza, yaani humtoa maji siku anayoyahitaji zaidi. Ongeza fukuto letu, jasho linatiririka bila kukauka, na njia kuu ya mwili kujipoza imezibwa. Kisha kuna jambo ambalo ukikaa na wazee utaliona: bibi anajinyima maji kwa makusudi, kwa sababu choo kiko uani na magoti yanauma.

Na nyumba zimebadilika. Kuta nene za mawe za Lamu na Mji Mkongwe zilichelewesha joto la mchana, makuti yalipitisha hewa. Leo mzee wa Mbagala au Kisauni mara nyingi yuko chini ya bati lisilo na dari, dirisha moja likitazama ukuta wa jirani. Ikifika saa nane mchana, ndani kuna joto kuliko nje.

Kwa hiyo hatari ipo. Linalobishaniwa ni kinga yake.

Wapo wanaosema kinga ni mitambo. Kiyoyozi huokoa maisha, na sitaki kulipinga hilo. Baada ya 2003 Ufaransa ilizitaka nyumba za kutunzia wazee ziwe na walau chumba kimoja chenye ubaridi. Lakini tutazame kaunti ya Maricopa, Arizona, ambako viyoyozi ni vya kawaida kama majiko. Mwaka 2023 joto liliua watu 645 huko, na wengi wa waliofia ndani walikuwa nacho kiyoyozi, ila kibovu au kimezimwa. Kwetu, pensheni ya wazee wa miaka 70 na zaidi Zanzibar ilipoanza 2016 ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Hiyo ni fedha ya unga na dawa. Ya kununulia umeme wa kiyoyozi itatoka wapi, na siku ya mgao itakuwaje?

Wengine wanasema kinga yetu ni familia, na ushahidi wao ni mzito. Joto la Juni 2021 huko British Columbia, Kanada, liliua watu 619. Karibu wote walifia ndani ya nyumba, na zaidi ya nusu walikuwa wakiishi peke yao. Chicago, Julai 1995, walikufa 739. Mitaa miwili jirani ya huko, North Lawndale na Little Village, yote ina wazee wengi na maskini wengi, lakini haikuzika sawasawa. Little Village, wenye maduka na watu njiani, mzee hakuogopa kutoka, na vifo vilikuwa vichache. Mtu aliyekulia kwenye baraza haoni ajabu.

Ila je, familia hiyo iko nyumbani saa nane mchana? Hapo ndipo hoja hii inaponishinda kuikubali yote. Watoto wametoka alfajiri na watarudi usiku. Mzee amebaki na mjukuu wa miaka minne, yaani yeye ndiye mlezi, au amefungiwa mlango kwa ajili ya usalama. Ukimuuliza mtu wa sensa atakwambia mzee huyu anaishi na watu sita. Kwa saa zile zinazoua, anaishi peke yake.

Ninachokiamini ni mtu wa kubisha hodi. Wafaransa, ofisi za miji huweka orodha ya wazee ili wapigiwe simu siku za joto, na wengi hawajiandikishi. Sisi tuna balozi wa nyumba kumi anayejua nani yuko nyuma ya mlango upi. Kenya ina wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 waliokabidhiwa vifaa 2023. Ahmedabad, India, ulipotengeneza mpango wake wa joto mwaka 2013, kiini kilikuwa tahadhari za mapema na watumishi wa afya waliofundishwa, na baadaye mapaa yakapakwa rangi nyeupe. Hilo la paa fundi yeyote wa mtaani analiweza.

Watasema wahudumu hao wameshaelemewa na malaria, kifua kikuu na chanjo. Ni kweli, na kazi ya kujitolea isiyo na posho hufa wiki ya pili. Basi walipwe, kwa miezi ya kaskazi tu, Desemba hadi Machi.

Fedha hizo hazitatoka mpaka vifo vihesabiwe. Mzee akifariki Februari huandikiwa moyo au kiharusi, na joto halionekani popote. Chicago, meya alipotilia shaka idadi, ilithibitika kwa kulinganisha vifo vya Julai ile na vya Julai za kawaida. Vibali vya maziko tunavyo. Mtu akae navyo, vya Februari za miaka kumi, aanze kuhesabu.