Wenzetu hugombana kabla hela haijatoka

Barua imekuja kutoka halmashauri ya mji ninaoishi, huku katikati ya England. Kuanzia Aprili pipa la kahawia, lile la majani na matawi ya bustani, litalipiwa pauni 50 na ushei kwa mwaka. Lilikuwa bure. Nilikasirika, maana kodi ya halmashauri nalipa, na mshahara wa kutunza wazee mnaujua ulivyo. Lakini chini ya barua palikuwa na mstari unaosema uamuzi umepitishwa na kabineti ya halmashauri na taarifa kamili iko wazi kwa yeyote. Nikaifungua usiku uleule, nikasoma hadi mwisho. Hasira haikuisha, ila ilihama: ikatoka kwenye pipa, ikaenda nyumbani, Tanzania.

Taarifa ile ilikuwa na kila kitu. Gharama za magari na madereva zimeandikwa. Njia tatu za kuziba pengo zimewekwa, na kila njia ina hesabu yake. Maoni ya wakazi yamo, pamoja na yale ya kuwatukana. Kuna ukurasa unaoeleza nani ataumia zaidi, wazee au walemavu au wenye kipato kidogo. Mwisho kuna jina la diwani anayebeba idara hiyo, kwamba huyu ndiye anayependekeza, na kuna maoni ya afisa wa fedha. Na yote hayo yalikuwa hadharani kabla ya kikao. Neno ninalolishika leo ni hilo, kabla.

Kwa wasioujua utaratibu huu: tangu sheria ya mwaka 2000, halmashauri nyingi za England zina kiongozi anayechaguliwa na madiwani wenzake. Naye huteua wachache, jumla wasizidi 10 pamoja naye, kila mmoja akakabidhiwa eneo lake: fedha, makazi, watoto, barabara na taka. Hiyo ndiyo kabineti. Uamuzi mkubwa haufiki mezani kwao bila kutangazwa siku 28 kabla, isipokuwa dharura, na dharura yenyewe sharti ielezwe. Ajenda na makabrasha hutolewa siku tano za kazi kabla ya kikao. Uamuzi ukishapita, madiwani wasio kwenye kabineti wanaweza kuurudisha kwenye kamati ya uchunguzi kabla haujatekelezwa. Bajeti ndiyo kabisa, kabineti haiipitishi peke yake; hupendekeza tu, kisha baraza zima hupiga kura, na kodi lazima iwe imepangwa kufikia tarehe 11 Machi. Afisa mkuu wa fedha, ambaye ni mwajiriwa tu, anatakiwa na sheria kuwaandikia madiwani kama makisio yanaaminika na kama akiba inatosha. Tangu 2014 kura za kikao hicho huandikwa kwa majina. Diwani aliyeinua mkono kukata huduma ya basi la wazee hawezi kuja mlangoni kwangu mwezi Mei akasema hakuwepo.

Mimi nilipeleka swali langu kuhusu pipa. Diwani mhusika alilijibu kikaoni, kwa sauti, na jibu likaingia kwenye kumbukumbu. Sikushinda, pipa nalilipia. Lakini nilijibiwa na mtu niliyeweza kumtaja.

Sasa leteni kwetu. Nina ndugu yangu ni diwani, na halmashauri yake siitaji kwa sababu bado anafanya nayo kazi. Kabrasha la bajeti lenye mamia ya kurasa hulipata usiku wa kuamkia kikao. Asubuhi wanasomewa vichwa vya habari, wanaambiwa ukomo umeshatoka Hazina na muda umebana, Mheshimiwa naomba tuunge mkono. Wanaunga mkono. Mkurugenzi ndiye katibu wa kikao, ndiye afisa masuuli, yaani mwenye dhamana ya fedha zote, na ameteuliwa na Rais. Diwani anayembana hana pa kumpeleka. Mwananchi wa kata hiyo ataijua bajeti akiona kibao cha mradi kimesimikwa, au akiona hakijasimikwa.

Halafu mwaka unapita, miezi inaenda, Machi CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, anamkabidhi Rais ripoti, Aprili inaingia bungeni, na nchi nzima inashika kichwa. Mapato yaliyokusanywa kwa POS, mashine za kukusanyia ushuru, hayakufika benki. Stendi imelipwa na haipo. Maboma ya zahanati, yaani kuta zisizoezekwa, yameota magugu. Tunalia wiki mbili mitandaoni, kisha tunasubiri Aprili nyingine. Sisi ni hodari wa baada. Hakuna nchi nyingi ambako dereva wa bodaboda anataja hoja za mkaguzi kwa ufasaha kama kwetu. Lakini tunazitaja wakati hela imeshaliwa.

Naanza kuwasikia. Wa kwanza anasema: wao wana hela, wewe unalinganisha tajiri na maskini. Ndugu yangu, Birmingham ilitangaza Septemba 2023 kwamba haiwezi kulipia matumizi yake. Ni mji wenye watu zaidi ya milioni moja. Walizidiwa na madai ya wanawake waliolipwa pungufu kwa miaka mingi, na mfumo wa kompyuta ulioharibika na kumeza fedha. Serikali kuu ikawapelekea makamishna. Mwaka 2024 kodi ya wakazi ilipanda karibu asilimia 10 kwa mpigo, na 2025 wazoa taka waligoma hadi mifuko ikarundikana mitaani na panya wakanenepa. Woking, mji wa watu laki moja hivi, ulikopa kujenga maghorofa hadi ukabeba deni la zaidi ya pauni bilioni 1. Northamptonshire ilifilisika 2018, na 2021 halmashauri ile ikafutwa kabisa. Kwa hiyo msinibebeshe wimbo kwamba huku ni peponi. Kugombana kabla hakuzuii kila upumbavu. Lakini tazameni nani aliyesema Birmingham imeishiwa. Sheria ya 1988, kifungu cha 114, inamlazimisha afisa wa fedha kutoa tangazo pale matumizi yanapozidi mapato, na likishatoka matumizi mapya yanasimama. Hahitaji kumwomba kiongozi ruhusa. Niambieni ni mweka hazina gani wa halmashauri ya kwetu angethubutu kusimama Februari akasema Mkurugenzi, makisio haya ya ushuru wa soko si ya kweli, na kesho yake akaripoti kazini kituo kilekile.

Wa pili anasema: unaidharau nchi yako. Sidharau, na kwenye ukaguzi najidai bila kusita. CAG wetu anakagua halmashauri zote 184 kila mwaka na ripoti inasomwa na yeyote. Waingereza walifuta tume yao ya ukaguzi wa serikali za mitaa mwaka 2015, wakaachia makampuni, na hesabu za halmashauri nyingi zikalala miaka bila kukaguliwa. Ilibidi serikali iweke ukomo, tarehe 13 Desemba 2024, mafaili ya zamani yafungwe. Mamia yakafungwa wakaguzi wakiwa wameshindwa kutoa maoni yoyote. Kwetu hati ya ukaguzi kama hiyo ingemwitisha mkurugenzi mbele ya LAAC, kamati ya Bunge ya hesabu za serikali za mitaa, akatoka jasho. Wenzetu wangepaswa kuja Dodoma kujifunza, na hilo nimewaambia wenzangu kazini mara nyingi.

Najidai pia kwa mikutano. Huku kwenye kikao cha kabineti viti vya wananchi vinakuwa vitupu. Tunakaa watatu wanne, na mmoja kati yetu ni mwandishi. Kwenye uchaguzi wa madiwani mara nyingi theluthi tu ya wapiga kura hujitokeza. Kijijini kwa mama, mkutano mkuu ukiitishwa kwa dhati, watu wanajaa hadi wengine wanasimama, na bibi wa miaka themanini anamwuliza mwenyekiti swali linalomfunga mdomo. Watu walewale walibeba mawe na mchanga kwa vichwa kujenga madarasa ya shule ya kata. Wananchi wananyanyua boma kwa nguvu zao, serikali inaahidi kuezeka. Waingereza wa mtaani kwangu hawajawahi kufyatua tofali la shule ya mtoto wao. Sasa kinachoniumiza ni kwamba watu hawa, wenye moyo huu, ndio wanaonyimwa kujua kwenye bajeti ya mwaka huu bati zao zimo au hazimo.

Na sheria tunayo! Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kila miezi mitatu, mapato na matumizi yasomwe. Vijiji vingapi vinasomewa? Na hata vinaposomewa, ni yaliyokwisha kutumika. Ya kesho hayasomwi popote.

Mfano mmoja unatosha, nao hauhitaji maelezo marefu kwa mwenye mita: kodi ya jengo. Ilikuwa ya halmashauri, ikapelekwa TRA, mamlaka ya mapato, na 2021 ikahamia LUKU, umeme wa kulipia kabla. Watu walinunua umeme wakaona elfu moja imekatwa, wapangaji wakajikuta wanalipa kodi ya nyumba isiyo yao, wenye mita mbili wakakatwa mara mbili, ndipo maelezo yakaanza kutolewa redioni jinsi ya kurudishiana na mwenye nyumba. Sipingi kodi ya jengo. Huku nalipa kubwa zaidi, tena kwa viwango vinavyotokana na thamani ya nyumba ya mwaka 1991, jambo ambalo ni aibu yao. Ninachouliza ni kwa nini swali la mpangaji, ambalo mtoto wa darasa la tano angeliuliza, halikuulizwa kabla mashine haijaanza kukata.

Wa tatu ndiye mkali. Anasema: unaosha vizee vya wazungu, ndiyo ututolee somo la utawala? Naosha, ndiyo, na sioni aibu. Kazi hii ndiyo imenifundisha. Huduma za wazee na za watoto walio hatarini ndizo zinazomeza sehemu kubwa ya fedha za halmashauri kama hii ya kwangu, na kwenye ankara yangu ya kodi nyongeza ya huduma ya watu wazima imeandikwa mstari wake peke yake. Mzee ninayemwogesha asubuhi analipiwa na hela iliyopigiwa kura na mtu mwenye jina. Dakika zangu za kumhudumia zikipunguzwa, naweza kufuata karatasi kurudi nyuma hadi kwenye kikao kilichozipunguza. Tena kila mwaka, kwa siku 30 za kazi, mkazi anaruhusiwa kuomba vitabu vya hesabu, mikataba na ankara zenyewe. Niliomba za kampuni inayotuajiri wengi wetu. Walificha majina ya watu, lakini tarakimu nilizisoma. Hakuna aliyeniuliza natumwa na nani.

Hilo la kutoulizwa natumwa na nani, ndugu zangu, sikulitegemea kuwa na thamani hivi. Mdogo wangu aliomba kuona mchanganuo wa fedha za darasa moja, shule anayosoma mwanawe. Swali la kwanza kutoka kwa mtendaji: wewe chama gani?

Na kuna jambo linanichoma zaidi. Kwa kuwa Tanzania imo Jumuiya ya Madola, mimi mwenye pasipoti ya Tanzania napiga kura hapa nikiwa mkazi halali, hata udiwani naruhusiwa kugombea. Nyumbani, ambako nimezaliwa na ambako kila mwezi natuma hela za ada na dawa, nikiwa nje sina kura. Kwa hiyo mnaoniambia rudi ugombee, nimewasikia. Wapo waliorudi, wakagombea, na kabrasha wanaletewa usiku.

Simtaki mtu aige kabineti. Wakenya wana magavana na mawaziri wao wa kaunti tangu 2013 na bado wanalia na mishahara ya wafanyakazi wa kaunti kuchelewa. Muundo peke yake haufanyi kitu. Sheffield wenyewe, hapa England, walipiga kura 2021 kuikataa kabineti wakarudi kwenye kamati, kwa sababu waliona watu kumi wanaamua na wengine wanatazama. Kamati sisi tunazo tayari. Kamati ya fedha ipo, ya elimu, afya na maji ipo, ya ujenzi ipo, na kila diwani ana yake.

Ninachotaka ni siku saba. Mwanzoni mwa mwaka, kabla ya kikao cha baraza cha kupitisha makisio, kila halmashauri ibandike muhtasari kwenye ubao wa kila ofisi ya kata: tunategemea kukusanya kiasi hiki kutoka wapi, kata hii imetengewa nini, boma lipi linaezekwa na lipi linaachwa, nani amependekeza. Msiniambie wazee hawana intaneti, nimesema ubao. Msiniambie wananchi hawaelewi hesabu; mama lishe anayejua faida ya sufuria moja ya wali anaelewa kwamba milioni 20 za choo cha matundu mawili haziingii akilini. Msiniambie itachelewesha maendeleo, kwa sababu maboma yanayosubiri bati tangu mtoto wa dada yangu yuko darasa la kwanza hayakucheleweshwa na maswali ya mtu yeyote. Kijana yule sasa yuko kidato cha pili, na boma halijaezekwa.