Grupu la mtaa: habari ya mtoto ni ya nani?

Grupu letu la WhatsApp lilifunguliwa kwa ajili ya gari la taka na zamu za ulinzi. Ni mtaa mpya upande wa Ilemela, Mwanza, nyumba nyingine bado zinanuka rangi, na wengi tumehamia kutoka Igogo, Mabatini, Geita, Bunda na visiwani. Siku tatu za mwanzo hakuna aliyeandika zaidi ya "nashukuru kuunganishwa". Siku ya nne mama mmoja akatuma picha ya dagaa kwenye ungo, akauliza wenzake mchanga wanautoaje.

Hapo watu wakaamka. Mmoja akasema waloweke kwenye maji ya vuguvugu, usiwavuruge, mchanga ushuke chini wenyewe, kisha uwachote kwa mkono taratibu. Mwingine akasema tabu yote hiyo ya nini, nenda mwaloni Kirumba uulize wa chanja, yaani walioanikwa juu ya vichanja, walioanikwa chini waache hata bei ikivutia. Mjadala ukahamia kwenye kukaanga na kuunga nyanya. Katikati yake nikajua kwamba jirani ninayepakana naye ukuta, ambaye tulikuwa tukipungiana mkono tu, alikulia Ukara na baba yake alikuwa na mitumbwi ya dagaa. Hadi leo huhesabu siku za giza la mwezi kabla ya kwenda sokoni, maana mbalamwezi ikiwaka taa za wavuvi haziwavuti dagaa.

Hii ndiyo hoja ya wanaotaka watu wafunguke kwenye grupu, na kwangu ina uzito. Zamu za ulinzi hazikutufanya tufahamiane, dagaa walitufanya. Mtaa usiojuana, hata mwizi akiingia hujui umgongee nani.

Upande wa pili yuko mzee wetu mmoja ambaye tangu mwanzo anasisitiza tuandike ya taka na ulinzi tu. Simwoni kama mwoga. Grupu la WhatsApp siku hizi hubeba hadi watu 1,024, na kila aliyemo anaiona namba yako. Akiiingiza kama anayetaka kukutumia pesa, jina ulilosajiliwa nalo linajitokeza. Ukiongeza kwamba mko Ukerewe msibani mpaka Jumapili, umeshamkabidhi namba, jina na nyumba isiyo na mtu. Matapeli wa "ile hela itume kwenye namba hii" nao wakipata vipande kama hivyo huaminika haraka. Ujumbe wao tunashauriwa kuupeleka namba 15040, lakini huo ni ushauri wa mtu ambaye ameshafikiwa.

Hata hivyo, kwa hatari hizo dawa ipo: safari isimulie ukisharudi. Ugumu wenyewe nauona kwingine, na nilioneshwa na mtoto wa miaka kumi na mitatu.

Usiku mmoja wa Juni, saa saba, mama yake aliandika kwenye grupu akiomba usafiri wa kwenda hospitali ya Bugando. Mtoto ana seli mundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, na miguu ilikuwa imemshika kwa maumivu. Dakika chache baadaye jirani mwenye Probox alikuwa getini kwao. Kesho yake, akiwa na shukrani na uchovu, mama akasimulia mengine yote: walivyogundua, mara ngapi ameongezewa damu, usiku ukoje nyumbani kwao. Yalikuwa maandishi marefu, ya kweli, na yalitugusa.

Faida yake ilionekana siku ileile. Wazazi wengine wawili walijitokeza, mmoja akiwa hajawahi kuwaambia hata ndugu zake. Tanzania hukadiriwa kuwa na watoto wapatao 11,000 wanaozaliwa na seli mundu kila mwaka, na ukanda wetu wa Ziwa una mzigo mkubwa, kwa sababu mtu aliyerithi kinasaba cha seli mundu kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria, na malaria imeishi nasi muda mrefu. Kwa hiyo si ajabu mtaa mmoja kuwa na familia tatu. Ajabu ni kwamba zilikuwa zikipishana kliniki bila kujuana. Wakaanza kuelekezana kuhusu dawa ya haidroksiurea, sweta za usiku, chupa ya maji ya kwenda nayo shuleni.

Baada ya wiki mbili mtoto akaacha kwenda kucheza mpira. Wenzake walikuwa wamesoma kwenye simu za wazazi wao, wakampa jina. Alipoulizwa, alimjibu mama yake: ya gari sawa, mama, lakini ile nyingine?

Nimelifikiria jibu hilo kuliko hoja zote za mzee wetu. Mtoto alitenganisha kitu ambacho sisi watu wazima tulikuwa tukikibeba pamoja. Haja ya usiku ule ilistahili kusemwa kwa watu wote, ila simulizi ya mwili wake ilikuwa yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za watoto na za afya miongoni mwa taarifa nyeti. Inawalenga hasa wanaokusanya na kuchakata taarifa, si mama aliyechoka, lakini uzito iliotaja ndio uleule.

Wapo wanaosema grupu ni shikome yetu ya sasa, ule moto wa jioni ambapo Wasukuma walikaa kusimuliana na kufundisha vijana. Naupenda ulinganisho huo, ila motoni msemaji aliona nyuso. Asiyehusika akisogea, mazungumzo yalibadilika. Kwenye grupu hujui simu iko mkononi mwa nani, na ulichosema jana mtu anaweza kukisoma mwakani.

Kwa hiyo simuungi mkono mzee anayetaka tunyamaze. Wale wazazi wawili wangebaki peke yao. Siwaungi mkono pia wanaosema kila kitu kimwagwe. Yangu nitasimulia. Ya mwanangu, ya mume wangu, ya mama yangu, nitawauliza kwanza. Hata haya nimemwuliza mama wa mtoto yule, na safari hii mtoto pia. Amekubali, isipokuwa jambo moja, nami sikuliandika.

Familia zile tatu sasa zina grupu lao dogo. Wiki iliyopita mtoto alichukua simu ya mama yake akaandika mwenyewe, akiuliza kama wenzake nao huumwa miguu wakitoka kuogelea ziwani.