Mbegu za Bustani Tanga: Adui ni Unyevu

Huku kwetu Tanga, mtu akiacha bamia chache zikauke mtini ili apate mbegu, hakosi wa kumwambia anajirudisha nyuma. Mbegu ipo dukani, ataambiwa, imepimwa na imetiwa dawa, sasa ya nini kuhangaika? Kauli hiyo ina ukweli wake. Ubaya ni kwamba imefanywa hukumu ya kila zao, na wanaoumia ni wenye bustani ndogo za nyuma ya nyumba.

Kwenye nyanya chotara, wenye kauli hiyo wako sahihi. Nyingi zimezalishwa ili zistahimili magonjwa, na anayepeleka mzigo soko la Mgandini anahitaji matunda yanayolingana. Ukikamua mbegu za chotara ukazipanda tena, kizazi kinachofuata hutawanyika: mche huu unazaa makubwa, ule vidogo, mwingine umepoteza kinga. Kabichi ndiyo kabisa. Ili itoe maua huhitaji wiki kadhaa za baridi, na joto la pwani haliipi nafasi hiyo. Hapo mtu anunue tu.

Lakini bustani zetu zina kunde, bamia, mchicha, maboga na nyanya za kienyeji. Kunde hujichavusha zenyewe, kwa hiyo watoto hufanana na mama. Nyanya za kienyeji nazo ni hivyo kwa sehemu kubwa. Mchicha mmoja ukiachwa ukomae hutoa maelfu ya mbegu, unapanda na jirani unamgawia. Boga ndilo lenye kazi, maana nyuki huleta chavua kutoka bustani ya mwenzio. Hata hilo lina dawa yake: jioni funga kwa uzi ua jike linalokaribia kufunguka, na ua dume pia, asubuhi yafungue, pakaza chavua ya dume kwenye jike, kisha lifunge tena jike na ulitie alama kikonyo.

Basi kwa nini watu wengi huweka mbegu na zisiote? Hapa ndipo lawama inapomwangukia asiyehusika. Mwanasayansi wa mbegu James Harrington aliacha kanuni inayotumika mpaka leo: mbegu ikiwa na unyevu kati ya asilimia 14 na 5, kila asilimia moja inayopungua huongeza uhai wake karibu mara mbili. Hebu tupige hesabu. Kutoka 14 hadi 13, mara mbili. Hadi 12, mara nne. Ukifika 8, mara 64! Hata tukikata nusu ya makadirio hayo kwa sababu ya joto letu na vyombo vyetu, bado tofauti inatisha. Mbegu ileile, kutoka tunda lilelile, moja inakufa kabla ya vuli na nyingine inangoja masika ya mwaka mwingine. Na sisi tunaishi kando ya bahari. Mbegu iliyokaushwa vizuri ikiwekwa kwenye karatasi juu ya kabati hurudi kunyonya unyevu hewani, kisha tunasema mbegu ya kienyeji haina nguvu.

Kukausha hakutaki mashine. Anika kivulini penye upepo, juu ya ungo, mpaka mbegu ya boga ukiikunja ikatike badala ya kupinda. Kisha tia kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana, pamoja na mchele uliokaangwa bila mafuta ukapoa, ufungwe kwenye kitambaa. Mchele huo hunyonya unyevu uliobaki.

Hoja ya magonjwa inabaki, na siidharau. Batobato ya nyanya inaweza kusafiri na mbegu. Ndiyo maana mbegu huchukuliwa kwenye mche uliokuwa na afya tangu mwanzo, hata kama mgonjwa ndiye mwenye tunda kubwa.

Wapo pia wanaoogopa sheria. Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 inasimamia biashara ya mbegu, na ukaguzi unafanywa na TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu. Ile ya mwaka 2012, inayolinda haki za wagunduzi wa aina mpya za mimea, imeacha nje matumizi binafsi yasiyo ya kibiashara. Mama anayejiwekea kunde zake za kienyeji apande mwakani havunji chochote. Akitaka kuuza mbegu, hapo amwone kwanza afisa kilimo wa kata, kwa sababu upo utaratibu wa mbegu za daraja la kuazimiwa ubora, yaani zile ambazo mzalishaji mwenyewe hutangaza ubora wake, uliowekwa kwa ajili ya wazalishaji wadogo kama yeye.