Nani apange programu ndogo zinazozaliwa na kompaila?

Miongoni mwa vijana wa Lubumbashi wanaojifunza kutunga kompaila (programu inayogeuza msimbo ulioandikwa na mtu kuwa msimbo wa mashine) kuna hoja inayopendwa: kwamba programu ndogo ambazo kompaila huziunda yenyewe zinaweza kuwekwa popote katika mti wa sintaksia, yaani muundo wa matawi unaowakilisha msimbo ndani ya kompaila, mradi sehemu ya nyuma ya kompaila ipite mara mbili, kwanza ikusanye majina, kisha itoe msimbo wa mashine. Hoja hiyo ina uzito wake. Katika Java mtu huita mbinu iliyotangazwa chini zaidi katika darasa lilelile bila tatizo, na sehemu ya mbele, ile inayosoma msimbo na kujenga mti, ni rahisi kuitunza isipobanwa na mfuatano.

Hata hivyo, wanaodai mpangilio kamili, yaani kila programu ndogo iwekwe mahali pake na sehemu ya mbele kabla mti haujafika nyuma, huonekana washupavu bure, na hapo wanaonewa. Tutazame GNAT, kompaila ya lugha ya Ada iliyomo ndani ya GCC, mkusanyiko wa kompaila wa mradi wa GNU. Ukitangaza aina ya rekodi iitwayo Gunia, yenye sehemu Uzito ambayo thamani yake ya mwanzo hutokana na kuita funksheni Soma_Mizani ya pakiti nyingine, kompaila hukutungia programu ndogo usiyoiandika, guniaIP, ya kuandaa kila gunia jipya. Chaguo la -gnatG, linalochapisha msimbo baada ya kompaila kuupanua, litakuonyesha imewekwa kwenye nodi ya kugandisha, yaani pale umbo la aina linapokamilika na kufungwa. Ikitangulia hapo, itatumia aina ambayo ukubwa wake haujaamuliwa, kwa kuwa agizo la kuuweka huenda liko mistari michache chini. Ikichelewa, tangazo la gunia la kwanza litaiita kabla haijakuwapo. Kupita mara mbili kunaleta jina mapema, lakini hakuleti ukubwa mapema.

Linalonisumbua zaidi ni kwamba kosa la namna hii humwangukia asiyehusika. Mtunzi wa programu ameandika tangazo la aina na la kitu, yote mawili sahihi. Kompaila inaanguka, au ujumbe unataja programu ndogo isiyo na mstari hata mmoja katika faili lake, naye anabaki kupekua kazi yake akitafuta kosa ambalo halimo.

Ni kweli kwamba kupanga ni kazi nzito: kuingiza programu ndogo moja kunaweza kuvuruga mahali pa nyingine, na wanaobeba mzigo huo ni watunzaji wa sehemu ya mbele. Lakini GNAT ina zaidi ya sehemu moja ya nyuma, ikiwemo inayotegemea LLVM (mfumo mwingine wa kutengeneza msimbo wa mashine), ambayo haijui programu ndogo iliyo ndani ya nyingine, hivyo ni lazima zitenganishwe kwanza na vigeu vya ile ya nje vipitishwe kwa rekodi. Mti ukiwa umepangwa, kazi hiyo huanza na tangazo ambalo tayari lina umbo na ukubwa. Usipopangwa, kila sehemu ya nyuma italazimika kukisia upya mfuatano ambao sehemu ya mbele ilikuwa inaujua.