Wanaooga uchi Berlin na macho ya stendi zetu

Ndugu zangu wa nyumbani, kila nikitaja kwamba kwenye maziwa ya Berlin kuna sehemu watu huoga uchi, wazee kwa watoto, mnaniambia nirudi kabla sijapotea. Nawaelewa, nimelelewa Tanga. Lakini kuuita uhuni ni kuwaonea.

Jambo hili lilianza kama tiba. Mwishoni mwa karne ya 19 miji ya Ujerumani ilijaa moshi wa viwanda, familia za wafanyakazi zikibanana vyumbani bila jua. Wakatokea waliohubiri jua, maji baridi na chakula kisicho na nyama. Mmoja wao, mchoraji Karl Wilhelm Diefenbach, aliishi machimboni karibu na München. Mwanafunzi wake Hugo Höppener, mzaliwa wa Lübeck, 1868, alikubali kufungwa jela kwa niaba yake katika kesi ya uchi. Mwalimu akampa jina la Fidus, yaani mwaminifu. Mchoro wake maarufu, Lichtgebet, yaani Sala kwa Nuru, unaonyesha kijana yuko uchi juu ya mwamba, ametupa mgongo, mikono ameinulia jua. Aliurudia kwa miongo kadhaa, na vijana wakaununua kama postikadi.

Mchoro ni mzuri, sikatai. Ila miili aliyoitukuza Fidus ni ya Kizungu, na miaka hiyohiyo serikali ya nchi yake ilikuwa ikiwachapa babu zetu viboko. Mwaka 1932 akajiunga na chama cha Hitler. Nacho hakikumthamini: 1937 picha zake zilipigwa marufuku kuuzwa. Kwa hiyo anayeniambia kuvua nguo ndiyo kuwa huru, simkubalii.

Ninachokisifu hapa ni macho. Mama mtu mzima anatoka majini, anajifuta, anakaa kwenye taulo lake na kufungua kopo la saladi ya viazi. Hakuna anayemkodolea, hakuna anayenyanyua simu. Mimi huoga na kaptura yangu, na hakuna aliyewahi kuniuliza.

Kwetu dada anapita stendi na buibui lake, kajistiri mpaka vidoleni, na bado anapigiwa miluzi, anavutwa mkono, anatukanwa akikataa kuitika. Hapo stara iko wapi? Katika Surat An-Nur amri ya kuinamisha macho imeanza kwa wanaume, kisha wanawake. Sitaki mtu avue nguo ufukweni kwetu Raskazone, Tanga. Nataka mashehe na mapadri wawasemeshe wanaume habari ya macho kwa ukali uleule wanaowasemesha dada zetu habari ya nguo.