Ukuta wa futi 12 au ziwa: kuficha kunalipa wapi?

Mtoto wa mama mkubwa amenunua kiwanja upande wa Katonga, hapa Kigoma, mteremko flani hivi unaoangalia ziwa, na anataka kuweka bustani ya watoto. Sio zile bembea mbili na tairi lililochimbiwa chini, hapana, anataka kijiji kizima cha hadithi, kuwe na soko la zamani, kuwe na jahazi ambalo watoto wanateleza toka juu mpaka kwenye mchanga, kuwe na nyumba ya sungura na pango la fisi, yaani mtoto akiingia getini asahau kabisa kwamba ametokea Mwanga kwa bajaji. Shida ni moja. Ukisimama katikati ya hicho kiwanja unaona mabati ya jirani yaliyoliwa na kutu, nguzo za umeme na mnara wa simu kule juu. Kwa hiyo kaka kaamua kujenga ukuta wa matofali, futi 12, pande zote nne, hata upande wa ziwa.

Tumebishana wiki nzima. Mimi kazi yangu ni kupamba kumbi, na kupamba kwa kiasi kikubwa ni kuficha, kwa hiyo mtu angetegemea niwe upande wake. Na kwa mambo mengi niko upande wake kweli, ila sio kwa huo ukuta.

Tuanze na hoja yake maana ina nguvu. Hawa jamaa wa Disney walipofungua ile bustani yao ya kwanza Anaheim, California, Julai 1955, jambo walilohangaika nalo ni hilo hilo la kaka, kwamba mgeni akishaingia asiione dunia ya nje. Wakarundika tuta la udongo kuzunguka bustani, wakapanda miti, wakapitisha na reli ya treni yao pembezoni. Ukiwa ndani huoni barabara wala nyumba za watu. Inasimuliwa kwamba siku za mwanzo bustani ilikuwa haijajaa mimea, hela imeisha, basi Walt Disney akamwambia mtaalamu wake wa miti, Bill Evans, achukue magugu yaliyojiotea ayawekee vibao vyenye majina ya Kilatini. Magugu yakawa maua. Mimi hapo namvulia kofia, maana na mimi nimeshawahi kupambia majani ya mchikichi watu wakaniuliza nimeyaagiza Dar au Nairobi.

Sasa kilichowauma pale Anaheim ni kwamba nje ya tuta ardhi haikuwa yao. Mahoteli na mabango yakaota mpaka mlangoni. Walipoenda Florida kujenga nyingine wakanunua kimya kimya ekari 27,000 hivi ili asije mtu kujenga karibu. Na pale chini ya bustani yao ya kwanza ya huko Florida, iliyofunguliwa 1971, kuna njia za wafanyakazi, taka na mizigo vinapita humo. Watu wanaziita za chini ya ardhi ila ukweli ni kwamba zilijengwa juu ya ardhi ya kawaida, maana Florida ukichimba kidogo tu unakutana na maji, afu zikafukiwa na udongo uliochimbwa kwenye ziwa la kutengeneza la pale mbele, kwa hiyo mgeni anayetembea anatembea ghorofa ya kwanza bila kujua. Inasemekana wazo lilitoka Anaheim, Walt aliona mfanyakazi aliyevaa kama mchunga ng'ombe anakatiza eneo lililojengwa kama dunia ya kesho.

Ukiona ni mambo ya kizungu hayo ngoja nikwambie. Juzi kati nilipamba ukumbi mmoja hapa mjini, vitambaa vyeupe toka darini mpaka chini, nguzo zote zimevikwa, taa zinameta, kila kitu kimetulia. Maharusi wanaingia, MC anapandisha mzuka, mtu akafungua mlango wa pembeni apitishe makreti ya soda na ukumbi mzima ukaona jiko, masufuria, na mama mmoja kakaa kwenye kigoda anamenya vitunguu. Sekunde 5 tu. Watu wakacheka na mimi nikatamani ardhi ipasuke, vitambaa vya laki kadhaa vimeuawa na bawaba moja. Tangu siku hiyo nikisikia mtu amejenga njia nzima ili wapishi wasionekane sishangai.

Na hawafichi kwa kufunika tu, wanadanganya vipimo pia. Mtaa wa mbele wa Anaheim ghorofa ya chini iko karibu na saizi ya kawaida, inayofuata imepunguzwa, jicho likiona juu kunazidi kuwa kudogo linadhani jengo ni refu. Ngome yao ya pale ina futi 77 tu, mawe ya chini makubwa, ya juu madogo, na inaonekana ndefu kuliko ilivyo. Ya Florida ina futi 189, na sababu inayotajwa sana ni kwamba kwa sheria za anga za Marekani kitu kikizidi futi 200 kinaanza kudaiwa taa za kuonya ndege, na nani anataka taa nyekundu inawaka na kuzima juu ya kichwa cha binti mfalme. Ujanja huu una mipaka lakini. Njiwa akitua pale kileleni uongo umeisha, kwa sababu saizi ya njiwa kila mtu anaijua.

Kuna hadi rangi. Vile vitu visivyofichika, mapipa, milango ya mafundi, uzio, wanavipaka kijani flani cha kupooza ambacho kwa utani wao ni kijani cha "hebu potea huko". Jicho linapita juu yake halisimami. Hii ya rangi ndo imenifundisha kitu kuliko yote, kwamba kuficha sio lazima kuziba, saa nyingine ni kukifanya kitu kisistahili kuangaliwa. Kaka angepaka tu ile nguzo ya umeme iliyo ndani ya kiwanja (akipewa ruhusa na wenyewe, maana hapo napo kuna maneno) angeokoa tofali mia.

Sasa upande wa pili.

Kwanza hesabu, na hapa ndo nilimkalisha kaka chini na kamba na kalamu. Chukulia ule mnara una futi 120 na uko futi 600 toka unaposimama, na jicho la mtu mzima liko futi 5 toka chini. Ukuta ukiwa futi 10 mbele yako, kimo cha futi 7 tu kinaumeza mnara wote. Huo huo ukuta ukiupeleka mpakani futi 100 toka kwako, unahitaji zaidi ya futi 24. Yaani futi 12 za kaka pale mpakani hazifichi mnara, zinaficha mabati ya jirani na mbuzi wake, basi. Kinachoficha kikubwa ni kile kilicho karibu na jicho: kichaka, kibanda, turubai la duka, ukuta mfupi kwenye kona ya njia. Na kwa mtoto jicho liko futi 3, hapo kwenye futi 10 uzio wa futi 5 unatosha. Ila mtu akirudi nyuma mpaka futi 30 toka kwenye ukuta ule wa futi 7, mnara unachungulia tena. Kwa hiyo swali la kwanza sio ukuta uwe mrefu kiasi gani, ni watu watapita wapi na watasimama wapi. Mimi kabla sijapiga kitambaa hata kimoja nakaa kwanza kwenye viti vya wageni, cha mbele, cha nyuma, cha pembeni. Kaka alikuwa hajakaa popote, amechora kiwanja kwa juu kama anakiangalia toka kwenye ndege.

Na wakubwa nao wameshachemka hapo. Florida walijenga jengo la mnara la kutisha, futi 199, lilifunguliwa 1994 kwenye bustani nyingine kabisa, ila toka kwenye bustani ya jirani ambako kila banda limejengwa kama nchi fulani, linachomoza nyuma ya banda la Moroko. Jengo wakalipaka rangi na kulichongea umbo la juu linalofanana na Moroko, ukiwa ng'ambo unadhani ni sehemu ya mji ule. Hiyo ni akili kubwa. Lakini bustani hiyo hiyo, upande wa banda la Ufaransa, unaona hoteli za miaka ya 90 zimechungulia juu na hakuna aliyeziweza mpaka leo. Kwa hela yote ile. Sasa sisi wenye mkopo wa kikundi.

Pili ni matunzo, hili nalipitia haraka maana kila aliyewahi kupaka rangi Kigoma analijua. Mwamba wa bandia ni nondo na sementi iliyochongwa ikapakwa rangi, masika mawili unaanza kuona ufa, na mwamba wenye ufa unaoonyesha nondo ni mbaya kuliko kutokuwa na mwamba.

Tatu, na hapa ndo moyo wangu uko, sio kila cha nje ni adui. Tivoli ya Copenhagen ilifunguliwa 1843, ipo katikati ya jiji, stesheni kuu ya treni iko pembeni yake, na ukiwa ndani unaona mnara wa ukumbi wa jiji, na watu wanaipenda karne na nusu na zaidi. Mji umekuwa sehemu ya mapambo. Tokyo nako mwaka 2001 walifungua bustani yao ya mambo ya bahari, na badala ya kuziba wakaacha maji ya kweli ya ghuba yaonekane nyuma ya bandari yao ya kutengeneza, jicho linaunganisha lenyewe. Wale wana hela za kuchimba bahari ya uongo na bado wakaazima ya kweli.

Na kaka anataka kuziba Ziwa Tanganyika kwa tofali.

Jua linazama upande ule, siku ya anga safi unaona milima ya Kongo imejipanga, na usiku usio na mbalamwezi wavuvi wa dagaa wakiwasha taa zao unadhani kuna mji umejengwa juu ya maji. Hiyo Anaheim hawana. Nikamwambia kaka jahazi lako liweke pale kwenye mteremko, pua ielekee ziwani, panda majani marefu mbele yake yafiche barabara na uzio wa chini, mtoto akikaa juu ya jahazi aone mbao, majani, maji. Akanyamaza. Kunyamaza kwake sio kukubali, namjua.

Kuna jambo lingine ambalo tulifika hatukutaka, la lile soko la zamani. Anataka liwe kama Ujiji ya zamani, misafara, pembe za ndovu, kanzu na ngoma. Sasa Ujiji ya kweli ipo hapo kilomita chache. Ukienda makumbusho utakuta masanamu mawili, Livingstone na Stanley wanasalimiana, kumbukumbu ya 1871, na miembe inayosemwa ni vizazi vya ule mwembe waliokutania. Ukisimama hapo leo ziwa liko mbali kidogo. Mtu wa mandhari angesema masanamu hayamdanganyi mtu, tujenge kijiji kizima, tulete na maji. Mimi ndo nasema hapana, na najua najipinga maana nakula kwa kudanganya macho. Njia ile ya Bagamoyo mpaka Ujiji, kilomita 1,200 hivi, ilipitisha watu wamefungwa shingo kwa shingo. Ukijenga soko lenye ngoma na kanzu bila hao, umeficha nini? Hapo sio pipa la taka umelipaka kijani. Kaka akasema dogo, ni ya watoto hii, unataka niweke minyororo kwenye bustani ya watoto? Sikuwa na jibu zuri. Nilichosema ni kwamba basi liite soko tu, liwe la hadithi, la sungura kuuza karoti, usiandike Ujiji juu yake. Hilo alikubali pale pale, ikanishangaza.

Ukuta bado. Kwa sasa amejenga upande wa mabati peke yake, na upande wa mnara amepanda michikichi mstari mmoja karibu na njia, ambayo itachukua miaka mpaka ifike kimo cha kuficha chochote. Jumapili jioni tulikaa na binti yake wa miaka 6 pale ambapo jahazi litakuja kuwa, nikataka kumpima macho, nikamuuliza unaona nini. Akasema taa. Nikageuka nikijua anaonyesha wavuvi, kumbe anaangalia juu, kwenye mnara, ile nyekundu inayowaka na kuzima. Akauliza itakuwepo na siku ya kufungua?